Kuku wa Siku 120: Hesabu Zangu za Kufuga Kienyeji Malindi

Mwaka wangu wa kwanza nilifuga kuku 200 nikala hasara, na wala hawakufa. Hilo ndilo lililoniuma. Wangepitiwa na kideri, ule ugonjwa unaofagia banda zima, ningesema ni kudra, nikafagia banda nikaanza upya. Lakini kuku walikuwa wazima, wamenona, manyoya yanang'aa, na bado nilipofunga daftari mwisho wa Desemba nilikuta nimetoa pesa nyingi kuliko nilizoingiza. Vifaranga nilikuwa nimewanunua Juni, kwa sababu Juni ndipo pesa zilipopatikana. Oktoba kuku wakawa tayari. Oktoba ile harusi hakuna, wageni wachache, kila mpishi niliyempigia aliniambia nimtafute Desemba. Nikajiambia basi, nitangoja Krismasi. Nikangoja, nao wakangoja pamoja nami, wanakula.

Tangu hapo kitu ninachohesabu kwanza ni siku. Kuku wa gredi, yule wa kisasa wa nyama, anafika kilo 2 kwa wiki 5 au 6, anatoka, anaingia mwingine, na kosa la mwezi huu unalisahihisha mwezi ujao. Kuku anayekua polepole atakaa kwako miezi 4. Bei yake nzuri, lakini kila jua likichomoza anataka chakula, anataka mtu wa kumfungulia na kumfungia, na kunguru anamtolea macho. Ukimuuza siku 20 baada ya wakati wake, zile siku 20 umezilipia wewe, mnunuzi hazijui.

Nafuga Ganda, kwenye shamba aliloniachia baba: eka moja na kitu, minazi, mikorosho mitatu mikubwa na miembe. Kwetu ni Shela ya Malindi mjini, ila asubuhi nyingi saa 12 nimeshafika shambani. Bei nitakazotaja ni za daftari langu. Kwako badilisha nambari, njia ya hesabu ni hiyohiyo.

Anza na tarehe ya kuuza, kisha urudi nyuma

Tafuta kalenda mbili, ya Kizungu na ya Kiislamu, uzitundike pamoja. Wageni wa Malindi hujaa kuanzia Desemba hadi Machi, wakarudi tena Julai na Agosti. Masika, Aprili hadi Juni, hoteli nyingi hulala. Harusi zetu nazo hufuata mwezi: Shaaban watu wanakimbilia kuoa kabla ya kufunga, kisha Mfunguo Mosi zinaanza tena, na Mfunguo Sita kuna maulidi ambayo hayapiti bila sufuria kubwa. Miezi hiyo hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka, kwa hiyo kalenda ya mwaka juzi haikufai kitu. Nimemwona mwenzangu mmoja akiangua kwa kukumbuka tu kwamba "harusi huwa mwezi wa sita".

Tuseme unataka kuku wawe tayari tarehe 20 Desemba. Siku 120 nyuma ni 22 Agosti, hapo vifaranga waanguliwe. Siku 21 nyuma tena ni 1 Agosti, usiku huo mayai yaingie chini ya makoo, kuku wanaolalia. Mayai hayafai kukaa zaidi ya wiki moja kwa joto letu, kwa hiyo unaanza kuyakusanya 25 Julai. Na kabla ya kukusanya yai hata moja, uwe umezungumza na wanunuzi. Kumbe biashara ya Krismasi inaanza mwanzoni mwa Julai, wakati watu wako na makoti ya kusi.

Kuangua mwenyewe kunapunguza gharama sana. Kifaranga wa kununua wa siku moja hunifikia kwa shilingi 100. Niliyemwangua kwa koo hafiki 45. Tatizo ni kuwapata wote siku moja, maana kundi la umri mchanganyiko halina hesabu. Ninavyofanya ni hivi: mtetea akianza kulalia, namwachia mayai mawili viza ayakalie huku nangoja wenzake. Wakifika 10, usiku mmoja naondoa viza nawapa kila mmoja mayai 13. Katika mayai 130 napata vifaranga 100 hivi. Mayai yanayongoja nayaweka kwenye chungu kilichozikwa nusu katika mchanga uliolowa, chini ya mwembe, ncha nyembamba ikitazama chini. Yai lenyewe lisiguse maji. Kwa joto la Februari chumba cha ndani hakifai, yai huanza kujijenga kabla hujalitaka kisha likafia ndani.

Vifaranga wa Aprili na Mei mimi nimewaacha. Matandiko hayakauki, wanaharisha damu, na wakipona watakomaa Agosti na Septemba, wageni wanaondoka.

Kuku gani

Usimchukue kuku wa gredi ukamfungulia nje ukamwita kienyeji. Nilijaribu na 15. Kufika wiki ya 10 walikuwa hawatembei mbali na chombo cha chakula, miguu imewashinda, na siku mbili za jua kali la Machi zikaniondolea 4 kwa moyo. Kuku wa kukaa siku 120 lazima awe na umbile la siku 120.

Sokoni utapata chotara wa aina tatu nne: wa KALRO (shirika la utafiti wa kilimo na mifugo la Kenya) kutoka Naivasha, Kuroiler mwenye asili ya India, Sasso wa Ufaransa. Wote wanafaa, ingawa Sasso na Kuroiler wanakua haraka na hula kama wanavyokua. Halafu kuna wetu, kienyeji mwenyewe, na kuna kuchi.

Kuchi anajulikana pwani nzima, hasa Lamu: mrefu, shingo ndefu, manyoya haba kifuani, mguu mnene kama wa mtoto. Zamani alifugwa kwa kupiganishwa. Watafiti wa chembe za urithi wamekuta ana undugu na shamo, kuku wa kupigana wa Japani, na ukimtazama alivyosimama huoni ajabu kwamba alikuja kwa bahari. Ami yangu alinitumia majogoo wawili kutoka Lamu, wakavushwa kwa boti hadi Mokowe kisha wakapanda basi ndani ya matenga. Niliambiwa walipigana kupitia matundu ya makuti njia nzima.

Kuchi safi hanilipi kwa nyama. Mitetea yake hutaga mayai machache, na majogoo ukiwachanganya unaamka unakuta damu. Lakini jogoo wa kuchi juu ya mtetea wa kienyeji au wa KALRO, hapo napata mtoto mwenye mwili wa baba na tabia ya mama. Siku ya 120 jogoo wangu ana kama kilo 2 akiwa hai, tembe, yaani mtetea mchanga ambaye hajaanza kutaga, kilo moja na nusu.

Daftari la kundi moja

Hapa usiharakishe. Kundi la vifaranga 100, na nimewahesabu kama wa kununua ili nisijidanganye.

Vifaranga, 10,000. Chanjo na dawa, 1,500. Makaa, taa na maranda, 1,500. Chakula cha wiki 6 za kwanza, kilo 140 kwa shilingi 70 kilo, ni 9,800. Wiki 6 hizi usifanye ubahili; kifaranga aliyedumaa mwezi wa kwanza hatakulipa deni hilo hata umpe nini baadaye. Kisha kuanzia siku ya 43 hadi ya 120 ni siku 78. Kuku 90 hivi, kila mmoja gramu 50 kwa siku za chakula ninachochanganya mwenyewe, jumla kilo 351 kwa shilingi 45: karibu 15,800. Kijana anayenisaidia ana kazi nyingine shambani, kwa hiyo kundi hili nalitoza shilingi 100 ya mshahara wake kila siku, 12,000. Uchakavu wa banda, nyavu na vyombo, 3,000. Tuktuk na matenga, 2,000. Ukijumlisha ni 55,600.

Katika 100 nategemea kupoteza 12. Nikiuza 88, kila kuku amenigharimu shilingi 632. Majogoo 46 kwa 1,000 ni 46,000. Matembe 42 kwa 800 ni 33,600. Zimeingia 79,600, zimebaki 24,000. Miezi 4. Yaani 6,000 kwa mwezi kwa kuku 100. Anayekwambia kuku 100 wa kienyeji watakulipia karo ya watoto watatu ana vifaranga anataka kukuuzia.

Sasa cheza na nambari hizo uone faida inatorokea wapi.

Kwanza, chakula. Kuku walewale ungewafungia ndani ukawapa chakula cha dukani tu, gramu 95 kwa siku kwa shilingi 65 kilo, zile siku 78 zingekula zaidi ya 43,000 mahali pa 15,800. Faida ya 24,000 inageuka hasara ya 3,500. Bei ileile, kuku walewale. Hicho nacho kilinipata mwaka wa kwanza, juu ya kungoja Krismasi, maana niliona aibu kuwafungulia wakati nyasi hazijaota.

Pili, vifo. Wakifa 30 badala ya 12, wale 18 wa ziada wanaondoka na shilingi elfu 16 hivi za mauzo, na wengi wao hufa wakiwa wameshakula. Sitabaki na zaidi ya elfu 10.

Tatu, siku, na hii watu hawaioni kwa sababu haitoki mfukoni kwa mara moja. Tuseme umeuza 48 kwa wakati, wamebaki 40, unangoja bei. Wanakula kilo 2 kwa siku, shilingi 90. Kijana hakupunguzii mshahara kwa kuwa kuku wamepungua, kwa hiyo 100 yake iko palepale. Ni 190 kwa siku, 5,700 kwa mwezi, karibu robo ya faida yote. Na wewe unauza kwa kichwa! Mwezi huo jogoo ataongeza nyama kidogo, lakini mteja anamtazama, anamwinua, anakwambia 1,000 ileile.

Siku ya 135 kwangu ndio mwisho. Waliobaki nawapeleka soko la zamani hata kwa 700, nafunga daftari, nafagia banda.

Malisho si chakula cha bure

Gramu 50 zile ni wastani. Novemba baada ya mvua za vuli kuku wangu wanarudi jioni matumbo yamejaa, hata chombo hawakitazami, natoa 35. Februari kaskazi imekausha kila kitu, natoa 70. Ukipanga kundi limalizikie Februari, ongeza bei hiyo kwenye hesabu kabla hujaagiza kifaranga.

Nafasi: kanuni za kilimo hai za Ulaya zinataka mita 4 za mraba za nje kwa kila kuku wa nyama, na ndani uzito wao wote usizidi kilo 21 kwa mita moja ya mraba. Mimi nimezitumia kama kipimo na zimenifaa. Kuku 100 wanataka mita 400. Robo eka ni mita 1,000 hivi, kwa hiyo nimeigawa mapande mawili kwa nyavu, na pande la tatu liko upande wa mikorosho. Wanakaa pande moja mwezi mmoja hivi, kisha nahamisha, ardhi ipumzike, minyoo ikose wa kumwingia. Ukiwaacha palepale, wiki ya 5 hakuna jani, ni udongo mtupu wenye vishimo, na hapo unafuga banda lenye uwanja.

Kitu ambacho nilichelewa kukielewa ni kivuli. Uwanja wa wazi kuku hawauendei. Wanaogopa mwewe na wanaogopa jua, watabanana mlangoni mchana kutwa huku malisho mazuri yako hatua 30 mbele. Chini ya mikorosho wanatawanyika wenyewe kwa sababu majani ni mazito na chini kumejaa wadudu. Pasipo na mti nimesimamisha vibanda vifupi vya makuti, urefu wa goti, na chombo cha maji nakiweka mwisho wa uwanja, mbali na banda, ili wavuke. Kuku 100 wakubwa kwa joto letu wanamaliza lita 20 hadi 25 kwa siku, na maji yakishika moto hawanywi.

Mchwa nawategea. Chukua chungu kikuukuu, kijaze mabua makavu na mavi ya ng'ombe yaliyolowa kidogo, kipindue juu ya tundu la mchwa jioni, ufunike na gunia. Asubuhi kiinue uende nacho mbio hadi kwa vifaranga ukikung'ute. Mara ya kwanza walirudi nyuma wote wakasimama. Mmoja akadonoa. Baada ya hapo sikuweza kuona mchwa kwa vichwa.

Nje wanatoka wiki ya 6, si kabla, kwa sababu ya kunguru. Kunguru huyu mwenye shingo ya kijivu ni wa India, aliletwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19 na sasa pwani yote ni yake. Hufanya kazi wawili wawili: mmoja anamchokoza koo mbele, mwingine anachukua kifaranga nyuma. Dawa yangu ni nyavu chakavu za wavuvi, nazipata kwa bei ya chai pale wanapozitengenezea, nazitandaza juu ya uwanja mdogo wa vifaranga kama chandarua. Kwa kicheche na fungo hakuna nyavu, ni mlango wa mbao ufungwe kabla ya maghribi, na ufunge wewe mwenyewe.

Mchanganyiko wangu

Wa kilo 100: chenga za mahindi 45, pumba 25, machicha ya nazi yaliyokaushwa 15, dagaa 8, kunde zilizotobolewa na wadudu 5, ambazo nazikaanga kwanza, na 2 za makombe ya chaza yaliyopondwa. Inatoka shilingi 4,500. Huu ni wa kuongezea malisho, usimpe kuku aliyefungiwa wala kifaranga.

Machicha nayapata kwa mama anayeuza mahamri na kwa jikoni mbili za hoteli. Lazima yaanikwe siku ileile, yatandazwe mepesi juu ya mkeka. Ukiyaacha kwenye ndoo hadi kesho yamechacha na yana ukungu. Ukungu ni adui mkubwa. Mahindi yenye ukungu yana sumu inayoharibu ini la kuku polepole, hutaona anakufa, utaona hakui, utamlaumu jogoo. Mimi nanunua mahindi yakivunwa, bei ikiwa chini, nayakausha tena juani siku mbili, nayaweka kwenye magunia yasiyopitisha hewa. Hayo magunia yananiondolea pia dawa ya unga ya kuhifadhia, ambayo kilimo hai hakiikubali.

Dagaa wana ujanja wao. Sokoni wanapimwa kwa kilo na mchanga ni mzito. Nilipoanza kushuku nilichukua kilo moja nikaitumbukiza kwenye beseni la maji, nikakoroga kwa mkono, dagaa wakaelea, nikawachota. Nilipomwaga maji, chini kulikuwa na mchanga wa kujaa vikombe viwili vya kahawa, ule mweupe wa pwani kabisa, na magamba. Nilikuwa nimeununua kwa shilingi 120 kilo. Siku hizi naenda na beseni langu. Kuwaosha kunapunguza chumvi pia, na ikiwa dagaa ni wa chumvi usiongeze chumvi nyingine.

Chanjo, na kilimo hai kinasema nini

Kuna dhana kwamba kuku wa kilimo hai hachanjwi. Si kweli. Kinachokatazwa ni antibayotiki za kila siku, dawa za kukuza, chakula cha mbegu zilizobadilishwa chembe za urithi. Chanjo inaruhusiwa. Mwarobaini mimi nautumia, majani yake nayatandika kwenye viota kwa ajili ya utitiri, ila hakuna jani linalozuia kideri. Kideri kikiingia kwa kuku wasiochanjwa unaweza kuamka na banda tupu.

Chanjo ya kideri ni tone moja jichoni, na inarudiwa kila miezi 3. Ile inayovumilia joto inatufaa sisi tusio na friji shambani, ingawa bado naibeba kwenye chupa ya chai yenye barafu na namaliza kabla ya saa 3 asubuhi. Chanjo za Gumboro na ndui, magonjwa mengine ya kuku, zina siku zake, chukua ratiba kwa daktari wa mifugo wa kwenu. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wangu, kwa hiyo zinazobaki nawachanjia majirani bure. Sijifanyi mkarimu. Kuku wao wanakuja kunywa maji yangu.

Kuhusu cheti: Afrika Mashariki tuna kiwango chetu cha mazao ya kilimo hai tangu 2007, na alama yake ni Kilimohai. Mkulima mdogo hawezi kulipa mkaguzi peke yake, lakini kuna njia ya kikundi, wanachama wanakaguana mashamba kwa daftari na sheria zinazojulikana. Usiuze kwa neno "ogani" huku huna kitu mkononi. Mimi kwa muda mrefu niliandika tu kwa mkono: tarehe ya kuanguliwa, alikula nini, alichanjwa lini. Mtaliano mmoja aliyenunua nyumba huku aliniuliza kuku ana siku ngapi, nikadhani anapiga porojo. Kumbe kwao sheria ya kilimo hai inataka kuku asichinjwe kabla ya siku 81 kama si wa aina ya kukua polepole, na Wafaransa wana alama yao nyekundu, Label Rouge, yenye kipimo hichohicho, waliyoianza kwa kuku mwaka 1965. Nilimwonyesha daftari. Akanunua 6 na hakushindana bei.

Kumuuza

Hoteli iliniagiza kuku 40 waliochinjwa, kilo 1.2 kila mmoja. Wangu walitoka 0.9 hadi 1.6, maana ndivyo kienyeji walivyo. Wakarudisha 17, saa 5 mchana, na barafu yangu imeyeyuka. Malipo ya wale 23 yalikuja baada ya siku 45. Ukiuzia hoteli, wapime kuku wiki moja kabla, uwatenge kwa makundi, ukubaliane uzito "kati ya hapa na hapa", na uandikiane siku ya malipo. Kuku hai akichinjwa na kusafishwa unabaki na kama asilimia 70 ya uzito. Kilo 1.2 kwa 850 ni 1,020, toa 60 za kunyonyoa na kusafisha, umebaki na 960. Haijamshinda jogoo wa 1,000 aliyeondoka na miguu yake. Uzuri wa hoteli ni kwamba wengi wanatoka siku moja.

Mteja wangu bora ni mpishi wa harusi, mama mmoja wa mtaani kwetu. Mara ya kwanza alikuja hadi Ganda kwa pikipiki.

"Mwanangu, hawa wana siku ngapi?"

"Mia na ishirini na mbili, mama."

Hakunijibu. Alimshika jogoo mmoja, akamlaza kwenye paja, akapitisha kidole gumba kifuani hadi ncha ya mfupa akaubonyeza. Ukijipinda kuku ni mchanga, ukiwa mgumu kama ubao amezeeka. Akatazama na kucha ya nyuma ya mguu. Akasema wa gredi humwagikia kwenye masala, wageni wanakula biriani wanatafuta kuku hawamwoni, na jogoo mzee anakula makaa yake yote. Alitaka wa katikati. Alichukua 30, akatoa nusu ya pesa palepale, na siku hizi ndiye ananipigia yeye, anasema tu: "Mfunguo Tatu nina harusi mbili, niwekee."

Matembe 10 yaliyo bora kila kundi siyauzi. Ni shilingi 8,000 nazikalia, najua, lakini ndiyo yatakayonilalia mayai ya Agosti. Mawili yameshaanza kwenye debe nyuma ya jiko la shambani, na moja hunidonoa kila nikipitisha mkono kutafuta mkaa.